Mpira Ukianguka, Usishike Tama

Leo tutazungumza juu ya kichezeo kimoja cha mbao kutoka nchi ya Japani, nacho huitwa kendama. Huenda wengine watauliza, "Je, wazee na akina mama wana haja gani na vitu vya kuchezea watoto?" Ngojeni kidogo. Kichezeo hiki chaweza kutufundisha namna ya kukosa mara nyingi bila kukata tamaa, na namna ya kumtazama mwenzetu anapokosa. Mambo hayo mawili watu wazima tunayahitaji kuliko watoto.

Kwanza tueleze jinsi kilivyo. Kendama ina sehemu mbili zilizofungwa pamoja kwa uzi. Sehemu ya kwanza ni mti mfupi unaoshikika vizuri mkononi, na ncha yake ya juu imechongoka. Karibu na ncha hiyo umepachikwa mti mwingine wa kukingama, mfano wa kichwa cha nyundo, wenye kisahani kikubwa upande mmoja na kisahani kidogo upande wa pili. Chini, penye kitako cha mti, kuna kisahani cha tatu. Sehemu ya pili ni mpira wa mbao, kipenyo chake kama sentimita 6, wenye tundu la kuingia ile ncha. Uzi unaoviunganisha ni kama sentimita 40. Basi, kazi ya mchezaji ni kuurusha mpira na kuudaka kwa kisahani, au kuupokea kwa ncha, au, akiisha kuwa fundi, kuvisimamisha vitu hivi kimoja juu ya kingine visianguke.

Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kijapani: ken, maana yake upanga, na tama, maana yake kitu cha mviringo kama mpira. Sisi tusemao Kiswahili hatuwezi kulisikia neno tama bila kukumbuka shavu. Kwetu sisi, mtu aliyelemewa na mambo huketi peke yake akashika tama. Lakini tama ya Wajapani haishikwi kwa huzuni. Mkono ulioegemea shavu hauwezi kudaka mpira.

Mchezo huu una asili ya mbali. Huko Ufaransa, tangu karne ya 16, watu walicheza mchezo wa kudaka mpira uliofungwa kwa uzi, nao waliuita bilboquet. Inaaminiwa kwamba mchezo wa namna hiyo uliingia Japani katika karne ya 18 kwa njia ya bandari ya Nagasaki, mahali ambapo Waholanzi waliruhusiwa kufanya biashara. Kitabu cha michezo ya karamu kilichotolewa nchini humo mwaka 1809 kinautaja mchezo huu kuwa ni wa watu wazima wanaokunywa. Aliyeshindwa kudaka alitakiwa kunywa kileo. Lakini mwaka 1876 kitabu kilichotolewa na Wizara ya Elimu ya Japani kiliueleza kuwa mchezo wa watoto. Baadaye Egusa Hamaji, mtu wa mkoa wa Hiroshima, alibuni umbo lenye visahani vitatu, likaandikishwa mwaka 1919. Likaanza kutengenezwa Hatsukaichi, mji wenye mafundi hodari wa kukereza mbao. Mwaka 1975 Fujiwara Issei, mwandishi wa vitabu vya watoto, alianzisha Chama cha Kendama cha Japani, kikaweka madaraja ya ufundi ili anayejifunza apande ngazi moja baada ya nyingine. Tazameni safari hiyo! Zamani adhabu ya aliyekosa ilikuwa kulewa. Siku hizi ni kujaribu tena.

Sasa, mtu hujifunzaje? Wengi wakiipokea kendama mara ya kwanza hufanya jambo moja: huupiga mpira juu kwa nguvu, kisha huufukuza kwa kisahani huku na huku kama mtu anayekimbiza kuku. Mpira hugonga mbao na kuruka nje. Mwalimu mzuri humwambia mwanafunzi, "Acha kwanza. Ngoja mpira utulie." Maana mpira unaoning'inia ukiyumba, au ukizunguka kwa sababu uzi umejisokota, utapanda juu na ule wasiwasi wake. Ukiisha kutulia kabisa, huvutwa juu wima, si kwa mkono tu, bali kwa magoti. Mchezaji hukunja magoti kidogo, hunyoka ili kuuinua mpira, kisha hukunja tena mpira unaposhuka, kisahani kikishuka pamoja nao.

Kwa nini magoti? Fikirini mtu anayedaka yai lililorushwa. Akiukaza mkono, yai litavunjika. Akiurudisha mkono nyuma pamoja na yai, mwendo wake hupungua kidogo kidogo, na yai hukaa salama kiganjani. Mpira wa kendama nao hutaka kupokewa hivyo. Kisahani kikiupandia, vitagongana, na mpira utaruka. Kisahani kikishuka pamoja nao, mpira utatua kama ndege kwenye tawi.

Baada ya kisahani kikubwa, mwanafunzi huendelea na kidogo, kisha kile cha kitako, na baadaye huja mafunzo ya kusimamisha. Lililo maarufu zaidi huitwa mnara wa taa, kama ile minara inayoongoza meli baharini. Hapa mambo hugeuzwa. Mchezaji hushika mpira, na mti ndio unaoning'inia. Huuacha utulie, huuvuta juu wima, halafu huupokea juu ya mpira, usimame kwa kitako chake. Ukingo wa kisahani cha kitako ndio unaoukalia mgongo wa mpira. Hakuna gundi wala msumari.

Kila mtoto wa kwetu aliyewahi kusimamisha fimbo juu ya kiganja anajua siri ya kazi hii. Fimbo ikiegemea kulia, kiganja huifuata kulia, mpaka kiwe tena chini ya uzito wake. Macho nayo hutazama juu, kwenye ncha, maana huko ndiko kuanguka kunakoonekana mapema. Lakini kuna tofauti. Fimbo ndefu huanguka polepole, nayo humpa mtu nafasi ya kuirekebisha. Mti wa kendama ni mfupi, nao huanguka upesi kama penseli iliyosimamishwa mezani. Kwa hiyo mchezaji hawezi kutegemea kurekebisha tu. Hana budi kuupokea kwa utulivu tangu mwanzo, ili kusiwe na mengi ya kurekebisha.

Yapo na mafunzo magumu zaidi. Moja huitwa kwa jina la ndege mdogo wa Japani, uguisu, ambaye wimbo wake ni dalili ya majira ya kuchipua. Hapo mpira hukalia ukingo wa kisahani kikubwa huku umeuegemea ule mti. Lingine huitwa kutua mwezini. Mti huinamia juu ya mpira, umeegemea ukingo wa kisahani kikubwa na ukingo wa kitako. Ndiyo maana kendama nyingi za siku hizi hupakwa rangi isiyoteleza. Hata hivyo rangi haimsaidii mtu mwenye pupa.

Na hapa ndipo penye shida kwa wengi. Mtu anaweza kujaribu mnara wa taa mara 50 asifaulu hata mara moja. Je, siku ile imepotea? La. Akiangalia vizuri ataona kwamba mwanzoni mti uliangukia mbali, kisha ukagusa mpira, kisha ukasimama kitambo cha kufumba na kufumbua jicho. Mkono unajifunza kabla mwenyewe hajajua. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni afadhali kujizoeza dakika kumi kila siku kuliko kushindana na kendama usiku mzima mpaka hasira ikapanda. Mwenye hasira hukaza magoti, na magoti yakikazwa, mpira hauna pa kutulia.

Tena msidhani ya kwamba fundi hakosi. Tarehe 31 Desemba 2017, katika tamasha kubwa la nyimbo la shirika la utangazaji la Japani, NHK, watu 124 walisimama mstari mwimbaji Miyama Hiroshi alipokuwa akiimba. Kila mmoja alitakiwa adake mpira mara moja tu kwa kisahani kikubwa, mmoja baada ya mwingine, asikose hata mmoja. Hilo ndilo somo la kwanza la kendama, lakini hawakufaulu. Mwaka 2018 watu 124 walisimama tena, wakafaulu wote. Hata hivyo, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba wamefaulu, na baadaye picha zilipochunguzwa ikaonekana kuna mmoja aliyekosa. Rekodi ikafutwa.

Hebu tumfikirie mtu yule mmoja. Je, angekuwa mwanao, ungemwambia nini alipofika nyumbani? Hapo ndipo tunapoulizwa sisi. Katika nyumba zetu, na hata katika shule zetu za Jumapili, yuko mtoto anayesoma kwa kigugumizi mbele ya wenzake, na kijana aliyerudia mtihani. Yuko pia mama mzee anayejifunza kuandika jina lake. Wote hao wanaudaka mpira mbele ya macho yetu. Tukicheka, watakaza magoti. Tukisema, "Ulikaribia, ngoja utulie, kisha jaribu tena," tutakuwa tumewapa nafasi ya kusimama. Saburi haiji kwa siku moja, wala mtu hajifunzi saburi kwa kufaulu tu.

Basi, wapendwa, juma hili kila mmoja wetu na amtazame mtu mmoja nyumbani mwake ambaye mpira wake umeanguka mara nyingi. Kama ameshika tama, tuuondoe mkono ule shavuni kwa upole, tumpe tena kile alichokiangusha. Mungu awabariki mpaka tutakapozungumza tena.