Silinda Iliyolala Isiamke

Ziko motokaa zenye silinda 8 ambazo, katika mwendo mtulivu usio na mzigo, hulaza silinda 4 ili kupunguza petroli. Nguvu ya oili husukuma pini zilizo ndani ya tapeti, na vali hazifunguki tena.

Injini ikitetemeka kwa kuwa silinda moja haikuamka, usiifungue upesi. Kwanza tazama oili: ikipungua, iongeze, ikichafuka, ibadili. Pili, hamishia plagi na koili yake katika silinda nyingine. Ugonjwa ukihama navyo, umekwisha kuujua. Usipohama, pima mgandamizo. Ukiwa hafifu, yamkini tapeti imekwama. Hapo fundi hana budi kufungua injini na kuibadili, kabla haijaila kemshafti. Basi, tuangalie oili mapema.