Udongo Mikononi mwa Mfinyanzi



Kanisani, katika sala za jumuiya, hata matangani, tunasikia mara nyingi maneno haya: Mungu ni mfinyanzi, nasi ni udongo. Ni maneno mazuri, tena ni ya kweli, maana yametoka katika Maandiko Matakatifu. Lakini neno zuri likitumiwa vibaya huumiza kuliko tusi, kwa sababu anayeumizwa hathubutu kulikataa. Basi leo tulitazame neno hili polepole.

Mtu aliyekaa karibu na wafinyanzi, kama wale akina mama wa Kikisi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, anajua kwamba chungu hakianzi siku ya kufinyangwa. Huanza shimoni. Udongo huchimbwa, ukaletwa nyumbani umejaa mizizi na mawe. Mama huutoa takataka, akauloweka, akaukanda na kuukanda mpaka ushikane vizuri. Kijiwe kimoja kikisahaulika ndani, chungu huweza kupasuka siku ya kuchomwa, na kabla ya siku hiyo hakuna atakayejua. Kikiisha umbwa hakianikwi kwa pupa kwenye jua kali, maana kitafanya nyufa. Huwekwa kivulini, kikakauka taratibu. Ndipo huja moto. Mwenye haraka atafute kazi nyingine.

Tena angalieni jambo hili: chungu kikiharibika kingali kibichi, mama hakitupi. Hukibonyeza, akakirudisha kuwa donge, akaanza upya. Lakini kikiisha kupita motoni hakuna kurekebisha. Kikivunjika ni vigae tu. Wazee wetu walisema, udongo uwahi ungali maji.

Nabii Yeremia aliyaona hayo hayo. Katika sura ya 18 ya kitabu chake tunasoma kwamba Mungu alimtuma ateremke nyumbani kwa mfinyanzi. Akamkuta kazini, na chombo kikaharibika mikononi mwake, naye akafanya chombo kingine kwa udongo ule ule. Wengi wetu husoma mpaka hapo, tukafunga kitabu, tukasema: Basi, Mungu hufanya apendavyo, sisi tukae kimya. Lakini someni mistari inayofuata. Mungu asema kwamba taifa likiuacha uovu wake, yeye naye ataliondolea adhabu aliyokusudia; na likiugeukia uovu, ataliondolea mema. Maana yake udongo huu una masikio na una mapenzi yake. Unaweza kugeuka, unaweza pia kukataa. Nao watu wa Yuda walikataa wazi wazi, wakasema watafuata mashauri yao wenyewe. Katika sura ya 19 nabii achukua gudulia lililokwisha chomwa, alivunja mbele ya wazee, kuwa ishara ya kitu kisichoweza kutengenezwa tena.

Basi mfano wa mfinyanzi haukutolewa ili watu walale wakisema yote yamekwisha andikwa. Ulitolewa ili watubu wangali laini.

Nasema haya kwa sababu ya mambo ninayoyasikia. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na marehemu. Watu huja kutafuta cheti, na ninapokitafuta jina lao katika kurasa za zamani, mazungumzo huanza. Mama mmoja alikuja kuchukua cheti cha mwanawe, mkono mmoja umevimba, ameuficha chini ya kanga. Nikampa pole. Akanijibu, “Ahsante, mwalimu. Mama mkwe ameniambia nivumilie, eti Mungu ananifinyanga.”

Hapana. Mkono wa mume aliyetoka kilabuni si mkono wa Mfinyanzi. Mungu aweza kumshika mama huyo katikati ya maumivu yake, akamtia nguvu, hata akatoa jema mahali ambapo shetani alipanda baya. Lakini hilo halimfanyi mpigaji kuwa mtumishi wa Mungu, wala halimpi mama mkwe ruhusa ya kufunika dhambi kwa kitambaa cha altare. Mama anayepigwa na aseme: kwa Baba Paroko, kwa wazee wa jumuiya, na kwa polisi, ambako kuna vituo vyenye dawati la jinsia na watoto. Kwenda huko si kukosa imani.

Kama mtu anadhani nayasema haya kutoka kichwani mwangu, na asikilize habari za Mtakatifu Yosefina Bakhita. Sijui mtu mwingine aliyejua zaidi yake tofauti kati ya mkono wa Mungu na mkono wa mwanadamu.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, magharibi ya Sudani. Ni wakati ule ule ambapo huku kwetu Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha fika Bagamoyo, mwaka 1868, wakaanza kuwapokea watu waliokombolewa katika utumwa. Alipokuwa na umri wa miaka saba au minane hivi, watu wawili walimkamata karibu na kijiji chao. Dada yake mkubwa alikuwa amekwisha tekwa kabla yake. Mtoto aliogopa hata akasahau jina lake. Sisi makarani tunajua uzito wa jambo hilo: katika vitabu vyetu kuna mahali pa kuandika jina alilopewa mtoto na wazazi wake. Kwake yeye mahali hapo pangebaki patupu mpaka leo. Hilo jina la Bakhita alipewa na watekaji, nalo kwa Kiarabu ni mwenye bahati. Ndilo neno letu lile lile la bahati. Waliomnyang’anya mama na baba walimwita mwenye bahati!

Aliuzwa, akauzwa tena, na tena. Katika mji wa El Obeid alikuwa mali ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki. Mke wa ofisa huyo aliagiza watumwa wake wapigwe chale za urembo. Bakhita alichorwa mwilini kwa unga, kisha akakatwa kwa wembe kufuata michoro, na vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yabaki. Vilikuwa vidonda 114. Alikaa na alama hizo mpaka kaburini.

Naomba msomaji asipite hapa mbio mbio. Kuna watu wangeweza kusema: tazama jinsi Mungu alivyomfinyanga mtakatifu wake. Nami nauliza, wembe ule ulikuwa wa Mungu? Yule bibi alitaka kumfanya mtoto wa watu kuwa pambo la nyumba yake. Huko ni kuchonga mtu kwa mfano wa tamaa yako. Mungu hakuhitaji wembe huo.

Mwaka 1883, huko Khartoum, alinunuliwa na konsuli wa Italia, bwana Callisto Legnani, na kwa mara ya kwanza akawa na bwana asiyempiga. Vita vya Mahdi vilipokaribia, konsuli alirudi kwao, na Bakhita akaomba kwenda naye. Wakafika Italia mwaka 1885. Huko alipewa jamaa ya Michieli, akawa yaya wa binti yao mdogo. Mwaka 1888 mama Michieli alisafiri kwenda Sudani kwa shughuli za hoteli yao, akawaacha mtoto na yaya wake kwa Masista Wakanosa katika mji wa Venezia. Masista wakaanza kumfundisha Bakhita dini.

Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba tangu utotoni alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza ni nani mwenye vitu hivyo vizuri, na kutamani kumwona. Kwa Masista akapata kumjua. Katika lugha ya watu wa Venezia, bwana mwenye nyumba au mwenye watumwa huitwa “paron”, na Bakhita alimwita Mungu kwa neno hilo hilo. Sisi Waswahili tunamwelewa pasipo mfasiri. Neno letu “Bwana” mtumwa alilitumia kumwita aliyemnunua, mke humwita mumewe, nasi twalitumia kila siku katika sala. Bakhita alikuwa amewajua mabwana wengi. Sasa alisikia kwamba yuko Bwana aliye juu ya mabwana wote, naye mwenyewe alipigwa mijeledi, akatundikwa msalabani. Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliyasimulia mambo haya katika barua yake juu ya matumaini, mwaka 2007.

Kisha ikaja siku ya kujaribiwa. Mwaka 1889 mama Michieli alirudi, akataka kumchukua Bakhita amrudishe Sudani akafanye kazi hotelini. Bakhita akakataa. Fikirini: msichana mweusi, mgeni, asiye na ndugu wala fedha katika nchi ile, asimama mbele ya bibi yake na kusema haendi. Tena alimpenda yule mtoto aliyemlea, na moyo wake ulikuwa ukimwuma. Bibi alikasirika, akashikilia kwamba msichana ni wake. Masista wakapeleka habari kwa Patriarka wa Venezia, na ofisa wa sheria wa mfalme akaitwa. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, kwa hiyo Bakhita ni mtu huru na aweza kukaa apendapo. Alichagua kubaki na Masista. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa, na katika majina yake likawamo Fortunata, yaani mwenye bahati kwa lugha ya huko.

Kwa maoni yangu, huo ndio moyo wa habari yote. Neno la kwanza la Bakhita la kujitoa kwa Mungu lilikuwa kumkatalia mtu. Alikubali kuwa udongo mikononi mwa Mungu, na kwa sababu hiyo hiyo akakataa kuwa udongo mikononi mwa bibi yake. Kama angalinyamaza siku ile kwa kudhani kunyamaza ni utii, nani angalimjua leo?

Na kufinyangwa kwenyewe je? Huko kulikuja baadaye, bila kelele. Mwaka 1893 aliingia unovisi, na tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri, yeye mwenyewe kwa kinywa chake, pasipo kununuliwa na mtu. Mwaka 1902 alitumwa katika nyumba ya Masista ya mji wa Schio. Alipika, alidarizi, alitunza sakristia, akawa bawabu wa mlangoni. Ni kazi zinazojulikana na kila mama anayesoma gazeti hili. Hakuna atakayekutungia wimbo kwa kuosha sufuria. Watu walimshangaa kwa rangi yake, watoto wakamkodolea macho, naye akawapokea kwa upole mpaka wakamzoea na kumpenda. Habari za maisha yake zilipochapishwa kuwa kitabu mwaka 1931, alianza kupelekwa mji kwa mji azungumze mbele ya makutano kwa ajili ya misioni. Alikuwa mtu wa haya, na kusimama mbele ya watu kulimtaabisha. Alikwenda.

Hapo ndipo ninapouona mkono wa Mfinyanzi: kijiwe baada ya kijiwe kinatolewa, polepole, kivulini. Moyo uliokuwa na haki zote za kuwa mchungu ukawa laini. Yasimuliwa kwamba aliwahi kuulizwa angefanya nini akikutana na wale waliomteka, akajibu kwamba angepiga magoti na kuwabusu mikono, maana bila hayo yaliyotukia asingalikuwa Mkristo. Ni jibu la kutisha kwa uzuri wake. Lakini tusilichukue tukalitia kinywani mwa mtu mwingine. Yeye alilisema juu ya majeraha yake mwenyewe, baada ya miaka mingi, wala hakuna aliyemlazimisha. Mimi na wewe hatuna ruhusa ya kumwambia aliyeumizwa jana abusu mikono leo. Wala Kanisa halikusema biashara ile ni njema: tangu mwaka 2015 sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya dunia nzima ya kuwaombea watu wanaouzwa na kusafirishwa kama bidhaa. Wazazi mnaoletewa maneno matamu na wageni juu ya kazi za ndani mjini au ng’ambo kwa binti zenu, iwekeni siku hiyo akilini, na ulizeni maswali kabla ya kumfungia mtoto mzigo.

Uzeeni Bakhita aliugua muda mrefu, akawa mtu wa kusukumwa katika kiti cha magurudumu. Husimuliwa kwamba Askofu mmoja alimwuliza anafanya nini kutwa kucha kitini humo. Akamjibu kwamba afanya kama Askofu mwenyewe: mapenzi ya Mungu.

Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1992, na Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Lakini wanaosoma habari za siku zake za mwisho hukuta jambo ambalo mimi sikulitazamia kwa mtakatifu. Katika homa yake alirudi utumwani, akamsihi mwuguzi amlegezee minyororo, kwa kuwa ilikuwa mizito. Miaka zaidi ya 50 ya sala haikuwa imeyafuta hayo. Kisha akatulia, akamtaja Bikira Maria kwa furaha, akafariki. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Februari 1947, na kwa siku tatu watu wa Schio walipita kwa maelfu kumwaga bawabu wao.