Kapteni Kifaru: Tulivyotengeneza Vazi la Shujaa kwa Mchango wa Shilingi 4,500

Mzazi yeyote anaijua hii hali. Bathdei inakaribia, mtoto ameshaamua siku hiyo anataka kuwa nani, na ukizunguka maduka yote, huyo mtu hayupo.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini ana kijana aliyekuwa anatimiza miaka tisa. Hakutaka Spider-Man, hakutaka Batman. Alitaka kuwa Kapteni Kifaru, shujaa aliyembuni mwenyewe nyuma ya daftari la hesabu. Mwalimu alikuwa amewasimulia habari za Sudan, faru dume wa mwisho wa jamii ya faru weupe wa kaskazini, aliyekufa pale Ol Pejeta, Laikipia, mwezi Machi 2018. Sudan aliacha majike mawili tu, Najin na Fatu, yaani bintiye na mjukuu wake. Kijana alirudi nyumbani akachora mtu mwenye ngozi ya kijivu, pembe puani na taa kifuani, kazi yake kulala nje ya zizi la hao wawili usiku kucha.

Sasa vazi la namna hiyo utalinunua wapi?

Pesa ya kwanza ilivyopotea

Mama Kapteni (ndivyo tunavyomwita siku hizi) alipata ukurasa mtandaoni uliosema unashona vazi lolote la shujaa. Picha zilikuwa safi. Bei ilikuwa shilingi 6,000, nusu ilipwe kwanza. Namba aliyopewa haikuwa till, ilikuwa namba ya mtu binafsi, na jina lililojitokeza kabla ya kuweka PIN halikufanana hata kidogo na jina la ukurasa. Aliliona. Akajiambia labda ni la mke wa fundi. Akaweka PIN, shilingi 3,000 zikaenda.

Siku ya kwanza aliambiwa, "Tunakata kitambaa." Siku ya pili meseji zake zilisomwa bila kujibiwa. Siku ya tatu akawa ameblokiwa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye hukaa kwenye dawati la huduma kwa wateja. Yeye ndiye huwaambia watu kila siku, "Angalia jina kwanza." Kwa hiyo alikaa kimya karibu wiki nzima kwa aibu. Alipotuambia hatimaye, zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Ametukubalia tuiandike hii hadithi bila jina lake, kwa sababu anasema kama yeye aliingia, yeyote anaweza kuingia.

Aliomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zimetolewa kwa wakala muda mfupi baada ya kufika. Alipiga ripoti polisi na ana namba yake ya OB. Hadi tunapoandika, hazijarudi. Tuseme ukweli hapa, maana wengi huchanganya: kurudishiwa pesa kunasaidia zaidi pale ulipokosea namba na ukatuambia haraka, kabla hazijatolewa. Ukimtumia mtu uliyekusudia kumtumia, kisha akakuhepa na pesa ameshazitoa, njia ya kuzipata ni ndefu.

Mchango

Tulikuwa tisa. Kila mtu alitoa 500 kwa mweka hazina mmoja, zikawa 4,500. Alifungua karatasi moja, akaandika kila aliyetuma na kila kitu kilichonunuliwa, na meseji za malipo hakufuta hata moja. Hapo hatukuvumbua kitu. Ni desturi ya chama chochote kile.

Hakuna kati yetu aliyewahi kutengeneza vazi la shujaa. Lakini kila mwaka vijana wa Nairobi huingia NAICCON na mavazi waliyoyatengeneza sebuleni kwao, kwa hiyo tulijua inawezekana. Na hata Ruth E. Carter, aliyepata Oscar mwaka 2019 kwa mavazi ya Black Panther, alichota mawazo kwa vitu ambavyo tayari watu wa Afrika huvaa, kama shuka jekundu la Wamaasai na blanketi za Basotho. Tukasema basi, tuanze na vilivyopo.

Jumamosi ya sokoni

Tuligawana Nairobi. Wawili walienda Eastleigh kutafuta kitambaa cha kijivu kinachovutika. Mwingine alishuka Luthuli Avenue kwa taa ndogo na betri. Mwingine Kariokor kwa ushanga wa mkanda. Waliobaki walitafuta ile mikeka ya sponji ngumu ya watoto, ya vipande vinavyoshikana kama chemshabongo. Hiyo sponji ndiyo siri ya kazi yote: ni nyepesi, inakatika kwa kisu, na ukiipasha moto inakunjika na kubaki ilivyokunjwa.

Hivi ndivyo pesa zilivyotumika:

- Kitambaa cha kijivu, mita 2: 700
- Kitambaa cha joho, mita moja na nusu: 300
- Mikeka ya sponji, vipande 4: 800
- Gundi ya viatu: 250
- Rangi tatu (kijivu, nyeusi, fedha): 600
- Gundi nyeupe ya mbao: 150
- Velkro na lastiki: 200
- Ushanga: 150
- Taa na betri: 200
- Kisu cha kukatia karatasi na msasa: 150
- Fundi wa nguo: 800

Jumla ni 4,300. Bei za kwako zinaweza kupanda au kushuka kulingana na mtaa na namna unavyobargain.

Karibu kila mahali tulilipa kwa till. Hatukutaka kutoa pesa taslimu kwa wakala, tukatwe ada ya kutoa, kisha tutembee sokoni na noti mfukoni. Na kila tulipolipa, mmoja wetu alisoma jina kwa sauti kabla ya PIN. Kuna duka moja jina lilitoka tofauti na la kwenye bango. Tuliuliza. Mwenye duka alicheka akatuonyesha kibali cha biashara ukutani, jina likalingana na la kwenye simu. Swali lilichukua sekunde kumi, na hakuna aliyekasirika.

Kipimo kabla ya mkasi

Tulimvalisha Kapteni fulana kuukuu, tukamzungushia plastiki ya kufungia chakula kifuani na mabegani, halafu juu yake tepu ya karatasi. Tulichora mistari ya ngao juu ya tepu, tukaikata taratibu mgongoni, ikatoka kama ganda la kobe. Vipande hivyo tukavilaza juu ya sponji na kufuatisha kwa kalamu. Mtoto akiwa ndani usikaze sana, na usiweke plastiki karibu na uso wake kabisa.

Kukata kunataka kisu kikali. Kisu butu kinararua sponji na kuacha meno meno. Badilisha wembe mara kwa mara, na hii kazi iwe ya mtu mzima.

Kukunja, tulitumia draya ya nywele ya dada mmoja wa hapa ofisini, tukaiweka kwenye moto wa juu kabisa. Sponji ikipata joto, uso wake unalainika na kuanza kung'aa. Hapo unaikunja juu ya sufuria au goti lako, unahesabu mpaka ipoe. Mabega ya Kapteni yalikunjwa juu ya bakuli la ugali.

Makosa yetu mawili

La kwanza lilikuwa gundi. Tulipaka upande mmoja, tukabandika hapo hapo, na asubuhi ngao ilikuwa vipande sakafuni. Fundi wa viatu aliye karibu na steji yetu alituangalia kwa huruma. "Wateja wangu, hii gundi haitaki haraka. Paka pande zote mbili, ngoja ikauke kidogo, ukigusa isikushike kidole. Halafu ndio ubandike, na ukishabandika, umebandika." Alikuwa amesema kweli. Fanya hiyo kazi madirisha yakiwa wazi, maana harufu yake si mchezo, na watoto wakae mbali.

La pili lilikuwa pembe. Tuliitengeneza kwa magazeti na uji mzito wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, tukiwa na haraka. Mvua ikanyesha siku tatu. Nje ilikauka, ndani ikabaki mbichi, na tulipoivalisha kofia ya uso, uzito wake ulivuta kichwa chote mbele. Kapteni alijaribu akasema, "Anko, naona miguu yangu tu."

Tulianza upya siku nne kabla ya sherehe. Safari hii tulikata sponji kwa umbo la feni, tukaikunja ikawa pembe yenye uwazi ndani, tukaiziba mshono kwa gundi na kuisugua kwa msasa. Ilikuwa nyepesi kama kikombe cha karatasi. Tukapanua pia matundu ya macho mpaka akaweza kuona chini, kando na mbele. Vazi lisilomruhusu mtoto kuona ngazi si vazi, ni hatari.

Kabla ya rangi tulipaka sponji gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mara tatu, tukiacha ikauke kila mara. Bila hivyo sponji inakunywa rangi yote. Kisha kijivu, na nyeusi kidogo kwenye mikunjo, tukaifuta kwa kitambaa kabla haijakauka, ili ionekane kama ngozi iliyochakaa kwa jua la Laikipia. Fedha ikaenda kwenye kingo.

Fundi wa nguo

Ngao tuliziweza. Suti ya ndani hatukuiweza, maana kitambaa kinachovutika kikishonwa kwa mshono wa kawaida kinakatika uzi mtoto akichuchumaa. Kinataka mshono wa zigizaga. Kwa hiyo tulienda kwa fundi mwenye kibanda, ambaye majirani wanamjua, na tuliona kazi zake zikining'inia.

Alitaka 800. Mama Kapteni ndiye aliyezungumza naye, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kidogo. "Mama, naomba nikulipe nusu leo na nusu nikishaona mtoto amevaa." Fundi hakushangaa hata kidogo. "Hiyo ndiyo kawaida, mama yangu. Hata mimi nikikopesha kazi yote nitakula nini?" Akaandika kwenye daftari lake: kipimo, siku ya kuchukua, 400 imelipwa, 400 imebaki. Meseji ya malipo ikafika kwenye simu zote mbili.

Tukitoka pale Mama Kapteni alisema anatamani angeuliza swali hilo mara ya kwanza. Si kwamba hakulijua. Aliona kuuliza ni kama kumwambia mtu kwamba ni mwizi. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Lakini fundi wa kweli ana deni na ana watoto, na masharti yaliyoandikwa yanamlinda yeye pia.

Siku yenyewe

Joho tulilifunga kwa velkro shingoni badala ya kamba, ili likinaswa mahali liachie lenyewe. Taa ilikaa kifuani, nyuma ya kipande cha plastiki ya chupa. Ushanga ukazunguka mkanda. Shilingi 200 zilizobaki zilinunua mishumaa na soda.

Kapteni alivaa kila kitu, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, halafu akabandua joho akamrudishia mama yake. "Mami, kifaru hana joho." Mita moja na nusu za kitambaa, tumezishona kwa mkono usiku! Tulicheka tu. Siku hizi joho lile linafunika televisheni yao.

Jioni, umeme ulipopotea kidogo mtaani kwao, taa ya kifuani ilibaki ikiwaka. Watoto wote walikaa wakiizunguka, na yeye akawasimulia habari za Najin na Fatu, mwanzo hadi mwisho. Habari za zile shilingi 3,000 hajui, na mama yake ameamua atamwambia akikua kidogo.

Wewe je, unapanga kuagiza kitu mtandaoni wiki hii? Soma jina kabla ya PIN. Likikupa wasiwasi, uliza au acha. Lipa nusu, umalizie ukishaona kazi. Hifadhi meseji zako. Na ikiwa tayari umeingia mtegoni, usikae kimya wiki nzima kama mwenzetu: tupigie siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Kwenye dawati letu yupo mtu atakayepokea simu yako bila kukucheka, maana na yeye yamemkuta.