Kutoa saa sita: namna ya kuifanya kompyuta ipige hesabu inapobadilisha maandishi

Ratiba nyingi za swala zinazotufikia kwa simu zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. Utaona Alfajiri 05:04, Alasiri 15:47, Magharibi 18:35. Lakini ubaoni msikitini wazee wetu wanataka saa ya Kiswahili: 11:04, 9:47, 12:35. Ratiba ya siku 30 zenye swala tano ina nambari 150. Ukizibadilisha moja moja kwa mkono, usingizi utakushika njiani, na kosa moja kwenye Magharibi latosha kumfuturisha mtu kabla ya jua kutua.

Wengi wanaoniuliza hukimbilia ile sehemu ya "tafuta na ubadilishe". Katika Notepad++, kwa mfano, wanawasha utafutaji wa ruwaza, wanatafuta (\d+): yaani tarakimu zozote zinazofuatwa na nukta mbili, kisha wanaandika $1-6: kama badala. Wakibonyeza, 18:35 inageuka 18-6:35. Kompyuta haijakosea. Kwake yeye, 18 iliyomo kwenye maandishi si idadi, ni herufi mbili zilizokaa pamoja, "1" na "8". Alama ya $1 humwambia anakili alichokipata, na kutoa hakumo katika kunakili.

Dawa yake ni kutumia programu inayokubali hesabu ndani ya badala. Vim ni mojawapo, nayo ni ya bure. Ndani yake, badala ikianza na \= basi kinachofuata hupigwa hesabu kwanza, na jibu ndilo linaloandikwa. Neno submatch(0) ndilo kile kilichopatikana.

Sasa tazama hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu huteleza. Kutoa sita kunafaa kwa 18, unapata 12. Lakini kwa 05 unapata -1, na 19 inakupa 13, wakati sisi twasema saa moja. Saa ni duara, ikifika 12 inaanza tena moja. Kwa hiyo tunajumlisha 5, tunagawanya kwa 12 na kuchukua baki, kisha tunaongeza 1. Alama ya baki ni %. Jaribu kwa kalamu: 5 na 5 ni 10, baki ni 10, ongeza 1 upate 11. Halafu 19 na 5 ni 24, hakuna baki, ongeza 1 upate saa moja. Amri kamili ni hii:

:%s/\d\+\ze:/\=(submatch(0)+5)%12+1/g

Ile \ze: inataka nukta mbili ziwe mbele ya tarakimu lakini hazibadilishwi. Ndiyo inayolinda tarehe 14/3 na namba za simu zisiguswe. Dakika nazo zinapona, mradi ratiba isiwe na sekunde. Kama ina 18:35:00, zifute sekunde kwanza, la sivyo 35 nayo itahesabiwa kama saa.

Anayetumia terminali ya Linux au Mac anaweza kupata matokeo hayo hayo kwa Perl, ambako herufi e mwishoni ndiyo inayoruhusu hesabu:

perl -pe 's/(\d+):/(($1+5)%12+1).":"/ge' ratiba.txt > mpya.txt

Watumiaji wa Emacs nao wana njia yao: badala inayoanza na \, hupigwa hesabu vivyo hivyo.

Nina tahadhari mbili. Ya kwanza, amri hii usiipige mara mbili. 18 itakuwa 12, halafu 12 itakuwa 6, wala hakuna onyo litakalotokea, maana 6:35 ni saa halali kwa macho. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi weka nakala ya faili la asili kabla ya kugusa chochote, na ukimaliza linganisha mistari mitatu minne ya mwanzo, kati na mwisho.

Ya pili, usidhani kwamba kusogeza dakika ni rahisi vivyo hivyo. Ukijumlisha 5 kwenye dakika za 18:58 utapata 18:63, kwa sababu dakika zikizidi 59 lazima saa nayo isogee. Hapo inabidi ugeuze wakati wote kuwa dakika, ujumlishe, ndipo ugawanye tena kwa 60. Na kama unataka kuigeuza ratiba ya mji mmoja iwe ya mwingine, swali hilo mpelekee anayejua hesabu za nyakati. Kompyuta itajumlisha chochote utakachoiambia, hata kisichofaa kuswaliwa.