Kujitoa kwa Jimbo katika Shirikisho: Swali la Quebec na Maneno Yake

Shirikisho ni mapatano ya majimbo kadha kuwa chini ya dola moja, kila jimbo likibaki na serikali yake kwa mambo yake ya ndani. Katiba nyingi za namna hii hueleza jinsi jimbo liingiavyo, lakini hazisemi neno juu ya kutoka. Jimbo la Quebec katika Kanada ni mfano ufaao kuchunguzwa, kwa kuwa huko watu wameulizwa jambo hili kwa kura mara mbili, na mabishano makubwa yamekuwa juu ya maana ya maneno.

Wakazi wengi wa Quebec husema Kifaransa, hali majimbo mengine ya Kanada, kwa sehemu kubwa, husema Kiingereza. Mwaka 1976 chama cha Parti Québécois, kikiongozwa na René Lévesque, kilishika serikali ya jimbo. Mwaka uliofuata ilipitishwa sheria iliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kawaida ya kazi, ya elimu na ya biashara.

Tarehe 20 Mei 1980 wapiga kura waliulizwa kama wanaipa serikali yao idhini ya kujadiliana na Kanada juu ya jambo liitwalo kwa Kifaransa *souveraineté-association*, yaani mamlaka kamili pamoja na ushirika wa uchumi. Hawakuulizwa kama wataka kutoka, bali kama wakubali mazungumzo tu. Hata hivyo, 59.56 kwa mia walikataa. Tarehe 30 Oktoba 1995 waliulizwa mara ya pili: je, wakubali Quebec iwe na mamlaka kamili, baada ya kuipa Kanada rai ya ushirika mpya wa uchumi na siasa? Zaidi ya 93 kwa mia ya walioandikishwa walipiga kura. Waliokubali walikuwa 49.42 kwa mia, na waliokataa 50.58. Tofauti ilikuwa kura 54,288 tu.

Wapinzani walilalamika kwamba swali lenyewe halikuwa na neno "nchi", na kwamba mtu aliweza kuitika ndiyo huku akidhani atabaki Mkanada. Serikali ya Kanada ilipeleka shauri katika Mahakama ya Juu, nayo ikatoa rai yake mwezi wa Agosti 1998. Mahakama ilisema kwamba Quebec haina haki ya kujitoa kwa uamuzi wake peke yake, si kwa katiba ya Kanada wala si kwa sheria ya mataifa. Lakini ilisema vile vile kwamba, ikiwa wengi dhahiri watakubali swali lililo dhahiri, pande zote zitapaswa kujadiliana.

Mahakama haikutaja hesabu ya "wengi dhahiri". Mwaka 2000 Bunge la Kanada lilitunga sheria ya kujipa kazi ya kupima udhahiri wa swali na wa wingi wa kura. Mwaka huo huo Bunge la Quebec likajibu kwa sheria yake: nusu ya kura halali na moja zaidi yatosha. Basi matumaini ya jimbo hilo kutoka yangali yanategemea neno moja ambalo pande mbili hazijakubaliana maana yake. Tena, hata kura ikishinda, yabaki mazungumzo juu ya deni, mipaka, na haki za wenyeji wa asili. Wacree wa kaskazini ya Quebec walipiga kura yao wenyewe mwaka 1995, na zaidi ya 95 kwa mia walikataa kutolewa katika Kanada.

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili apaswapo kuangalia kalamu yake. Katika Quebec, wapendao jambo hili hupenda kutaja mamlaka. Wasiolipenda hutaja utengano. Kwa Kiswahili, *kujitenga* hubeba lawama, maana ajitengaye na wenzake huonekana ana kiburi au chuki. *Uhuru* nao wabeba sifa, maana wakumbusha kutoka utumwani na katika utawala wa wageni. Aandikaye "Quebec yataka kujitenga" na aandikaye "Quebec yadai uhuru" wote wawili wamekwisha kutoa hukumu kabla ya kusimulia habari.

Hatari hii si ya mbali. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga, nchi ambamo Kiswahili husemwa na wengi, ilitangazwa na Moïse Tshombe kuwa huru. Serikali ya Kongo ililiita tendo hilo uasi, na mwezi wa Januari 1963 likakomeshwa. Jina alilochagua mtu kwa tendo hilo lilitosha kuonyesha yuko upande gani.

Yafaa, basi, wenye kutunga istilahi wachague *kujitoa katika shirikisho* kwa tendo lenyewe, *mamlaka kamili* kwa hali itafutwayo, na kuacha *kujitenga* na *uhuru* yatumike pale tu yanaponukuliwa vinywani mwa wenye shauri. Kwa njia hiyo msomaji ataachiwa nafasi ya kuamua mwenyewe.