Mkopo wa gari ukikwama, hasara ni ya nani?

Unaponunua gari au pikipiki kwa mkopo, unamwona mtu mmoja tu: muuzaji. Nyuma yake mara nyingi ipo kampuni ya fedha, na kati yao kuna makubaliano ambayo wewe huonyeshwi.

Tuchukue Marekani, ambako biashara hii ina zaidi ya miaka 100. General Motors ilianzisha kampuni yake ya mikopo, GMAC, mwaka 1919. Mteja hutoa malipo ya awali na kusaini mkataba wa kulipa kila mwezi. Muuzaji hakai na mkataba huo. Huuuza kwa kampuni ya fedha na kupata pesa yake mapema. Kuanzia hapo marejesho ni ya kampuni.

Mteja akishindwa kulipa je? Kama waliandikiana kwamba kampuni ina haki ya kumrudia muuzaji, basi muuzaji hulipa deni lililobaki, au hulinunua tena gari lililokamatwa. Pengine hubeba sehemu tu, tuseme mteja akikwama ndani ya miezi michache ya mwanzo. Kama haki hiyo haipo, hasara ni ya kampuni, isipokuwa muuzaji awe amedanganya.

Hilo linakugusa. Muuzaji anayeweza kurudiwa hukuhoji sana: kazi gani, mdhamini nani, ongeza malipo ya awali. Inachosha, lakini anaogopa deni usiloliweza. Asiyerudiwa ameshapata chake. Sisi tungemwamini zaidi anayesumbua kwa maswali. Wala usidhani muuzaji akiilipa kampuni wewe umesamehewa; sasa atakudai yeye.

Na gari likiwa bovu? Zamani kampuni ingeweza kumjibu mteja: sisi tulinunua deni tu, ubovu mwambie muuzaji. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani iliyoanza kutumika 1976 ilizima jibu hilo. Mkataba wa namna hii lazima useme kwamba madai ya mteja dhidi ya muuzaji yanamfuata pia aliyenunua deni, ingawa hawezi kudaiwa zaidi ya kile mteja alicholipa.

Kanuni hiyo haivuki bahari. Wewe unayechukua bodaboda ya mkopo, uliza kabla ya kusaini: rejesho namlipa nani, kadi inakaa kwa nani, injini ikifa wiki ya pili namwendea nani? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, nakala ubaki nayo. Na ule ujumbe wa simu wa kila rejesho, usiufute.