Mchicha kwenye kiroba: Kagua chombo kwanza

Huna eneo la bustani? Kiroba cha unga, ndoo iliyopasuka au dumu la mafuta ya kula lililokatwa juu vinatosha kukupatia mchicha ndani ya wiki tatu hadi nne. Mboga hii ina vitamini A, madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo mtoto na mjamzito wanavihitaji sana.

Kabla ya kujaza udongo, jiulize: chombo hiki kilibeba nini? Kama kiliwahi kuwekwa dawa ya kuua wadudu, rangi au oili chafu, usikitumie hata ukikiosha mara kumi. Mabaki ya sumu hunasa kwenye plastiki na yanaweza kuingia kwenye udongo na mboga. Mtoto huathirika zaidi kwa kuwa mwili wake bado unakua.

Toboa matundu chini ili maji yatoke. Ukiweka kisahani cha kukinga maji, kimwage na kukisugua angalau mara moja kwa wiki. Mbu anayeeneza homa ya dengue, ambaye huuma mchana, huzaliana kwenye maji yaliyotuama.

Tumia samadi iliyooza vizuri, na osha mboga kwa maji safi kabla ya kupika.

Kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiongeze wala usipunguze mboga za majani ghafla, kwani vitamini K iliyomo huathiri utendaji wa dawa hiyo. Zungumza kwanza na daktari wako.